Kwako uliyehitimu mwaka huu na baba hakutokea: njoo tuombe

Binti wa Msamvu

Wakuu, Bwana Yesu asifiwe. Na ndugu zangu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo.

Uzi ni mrefu, nivumilieni. Jumapili iliyopita baada ya ibada kijana mmoja wa kwaya yetu alinifuata nje. Amehitimu juzi tu, ualimu wa sayansi. Nikampa hongera, akashukuru, halafu akabaki amesimama anachezea ufunguo wa baiskeli. Nikajua kuna jambo. Akasema, "Dada, nimemaliza, lakini moyoni bado. Nilikuwa naangalia getini mpaka tukaitwa kuingia." Sikumuuliza alikuwa anamtazamia nani. Mama yake namfahamu. Baba yake pale kanisani hatujawahi kumwona.

Nikamwahidi nitamwandikia. Nilipoanza nikaona walio kama yeye msimu huu wa mahafali ni wengi, basi nimeona niandike hapa.

Nianze na yangu. Nimelelewa na mama, Morogoro. Alikuwa akiuza chai na chapati karibu na stendi ya Msamvu, saa kumi alfajiri jiko limeshawaka. Baba aliondoka nikiwa darasa la pili. Hakufariki, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Ukifiwa watu wanajua la kukuambia: pole, Mungu amlaze mahali pema. Baba aliye hai, ana namba ya simu, ana watoto wengine anaowalipia ada, huyo hana pole yake. Hata fomu hazimjui. Nilipoomba mkopo wa chuo nilitakiwa kuandika jina la baba na kazi yake, na kama ni marehemu niambatishe cheti cha kifo. Mimi sikuwa huku wala kule. Nilikaa na kalamu mbele ya ile nafasi mpaka mwenye duka la steshenari akaniambia dada wapishe wenzako.

Mahafali yangu yalikuwa Dodoma, 2014. Mama alikuja siku moja kabla, tukalala kitanda kimoja hosteli. Asubuhi akavaa kitenge cha kijani alichokishona kwa ajili ya siku ile, na viatu vipya vilivyombana mpaka akawa anakanyagia kisigino. Getini akanunua mashada mawili, yale ya karatasi za kung'aa wanayouza vijana. Moja akanivisha. La pili akaliacha ndani ya mfuko wake wa plastiki, akalipakata. Nikamuuliza, hilo la nani? Akasema, "Nilimtumia ujumbe. Asije akafika akakosa cha kukuvisha."

Mpiga picha alipotupanga aliuliza, "Mzee tumsubiri?" Mama akawahi kujibu, "Piga tu." Ile picha ninayo mpaka leo. Mama anatabasamu. Mimi macho yangu yako pembeni, yako getini.

Jioni ile ile nilimtumia baba picha. Wiki chache baadaye nikamtumia na cheti, nimekipiga picha juu ya meza. Najua alisoma, alama zilionyesha. Hakujibu. Nikaanza safari ya miaka mitatu ambayo sikujua kama ni safari. Nikipata kazi, nafikiria ataambiwa na nani. Nikipandishwa, natamani habari zifike kule aliko. Nikanunua kiwanja, wa kwanza kumfikiria akawa yeye wala si mama aliyekuja kukikanyaga. Ndugu yangu uliyehitimu, hapa ndipo nataka unisikie kuliko mahali pengine pote katika uzi huu: shahada yako usiifanye barua ya kumpelekea baba. Barua hiyo haina mwisho, maana kila usipojibiwa utaongeza ukurasa.

Na maombi je? Nilikuwa naomba sana, ila kulikuwa na neno halinitoki. Kuna mama mmoja mzee wa kanisa letu, sasa ametangulia mbele za haki, alikuwa akikaa benchi la nyuma yangu. Siku moja akanishika mkono tukitoka, akasema, "Mwanangu, nimekusikia Jumapili nyingi. Sala ya Bwana wewe unaanzia kwenye 'uliye mbinguni'." Nililia pale pale mlangoni. Akaniambia, "Basi wewe anzia kwenye 'yetu'. Hilo neno la kwanza tutakutamkia sisi, mpaka siku utakapoliweza."

Nilifanya hivyo karibu mwaka mzima. Kanisa zima linasema "Baba", mimi naingia kwenye "yetu". Hakuna aliyenilazimisha. Siku niliyolitamka sikupanga, nilishtukia limeshapita mdomoni.

Baadaye nikagundua kitu nikisoma Agano Jipya. Lile neno Aba, ambalo wahubiri wengi hutuambia ni neno la mtoto kwa baba yake, limeandikwa mara 3 tu: Marko 14:36, Warumi 8:15 na Wagalatia 4:6. Na ile ya Marko, Yesu alilitamka Gethsemane, usiku anaomba kikombe kimwondokee, na kikombe hakikuondoka. Kwa hiyo ukimwita Mungu Baba huku koo limekauka, neno hilo halijapotea njia. Limeshawahi kutamkwa hivyo hivyo, na Mwana mwenyewe.

Sasa nikupeleke kwa Ishmaeli mwana wa Abrahamu, Mwanzo 21. Tumezoea kumsoma kama katoto kachanga kanakolia chini ya kichaka. Piga hesabu. Abrahamu alikuwa na miaka 86 Ishmaeli anazaliwa, na miaka 100 Isaka anazaliwa. Alipofukuzwa nyumbani, Isaka alikuwa ameshaachishwa ziwa. Maana yake Ishmaeli alishapita miaka 14. Huyo ni mwanafunzi wa sekondari, anaelewa kila kitu. Alimwona baba yake, mtu mwenye mifugo, fedha na dhahabu, akiamka asubuhi na mapema, akimtwika mama yake mkate na kiriba cha maji. Basi. Najua Mungu mwenyewe alimwambia Abrahamu awaache waende, na maandiko yanasema jambo lile lilimwia vibaya. Lakini kijana aliye jangwani hayaoni mazungumzo hayo. Anaona kiriba kinaisha.

Halafu angalia: aliyepaza sauti akalia ni Hajiri, mama yake. Kilio cha kijana hakijaandikwa popote. Lakini malaika anasema Mungu amesikia sauti ya kijana, huko aliko. Hajafika popote, hajajisafisha machozi, hajapata neno zuri la kusema. Huko huko aliko. Wewe uliyepiga picha unacheka na kukunja joho vizuri na kuwaambia watu "baba amebanwa na kazi", Mungu amekisikia kile ambacho hukukisema.

Na mstari wa 20 unasema Mungu akawa pamoja na huyo kijana, akakua, akawa mpiga upinde. Ukoo ule wa wachungaji, mpiga upinde alifundishwa na nani? Hatujaambiwa. Mungu alimtafutia ujuzi hata hivyo.

Haya, kijana wangu wa kwaya, na wote mlio kama yeye, tuombe. Soma polepole. Ukishindwa neno la kwanza, sisi tutakutamkia.

*Baba yetu uliye mbinguni. Nimesimama mbele zako na cheti changu. Asante kwa mkono ulionifikisha hapa. Asante kwa mama, kwa ada aliyoilipa kidogo kidogo, kwa nauli aliyokopa, kwa siku aliyosema ameshiba kumbe hajala. Asante kwa mjomba, kwa mwalimu, kwa jirani, kwa kila aliyeniita mwanangu na hakuwa na deni nami.*

*Bwana, nilikuwa naangalia getini. Unajua. Sitaki kukuficha kwamba iliniuma, na leo bado inauma. Nimewadanganya watu kwamba sijali, wewe siwezi kukudanganya. Umesema katika Zaburi, baba yangu na mama yangu wameniacha, bali Bwana atanikaribisha kwake. Nikaribishe, ee Bwana.*

*Kama nina hasira, ipokee wewe kabla haijawafikia wasiohusika. Kama kuna sauti ndani yangu inayosema angekuja kama ningekuwa bora zaidi, inyamazishe. Mimi nilikuwa mtoto tu.*

*Baba yangu wa mwilini, popote alipolala usiku huu, mguse. Sina maneno mengi juu yake. Nipe neema ya kumwombea hata kwa sentensi moja, na kesho unipe nyingine.*

*Nipe kazi. Nipe subira ya kuisubiri. Nipe watu wa kuomba nao. Na siku nikijaliwa kuitwa baba au mama, mtoto wangu aniangalie getini, anione. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.*

Mwalimu wa Rungwe

Amina, dada. Nimeisoma nikiwa ofisi ya walimu, ikabidi nitoke nje kwanza.

Naomba niongeze jambo moja. Mhitimu akitoka chuo anapoteza watu wengi kwa siku moja. Vyuoni kuna vyama vya wanafunzi Wakristo: mimi nilikuwa CASFETA, wengine USCF, TMCS, TUCASA. Kila siku una mtu wa kuomba naye, una kwaya, una mkesha wa Ijumaa. Unarudi nyumbani na begi, wote wametawanyika mikoani. Kwa mtu aliyekulia kwenye nyumba pungufu, ule umoja ndio ulikuwa nyumba yake. Kidonda cha baba kwangu kilifunguka miezi miwili baada ya mahafali, siyo siku yenyewe. Kijana asikae peke yake Novemba hii. Aingie kwaya ya mtaani kwao, au jumuiya, hata kama waliopo ni wazee watupu.

Askari wa Maombi

Shalom. Mafundisho mazuri ila nina angalizo. Amri ya tano, kwa hesabu ya wengine ya nne, haina masharti. Waheshimu baba yako na mama yako. Haikusema baba aliyekulea. Nimeona vijana wengi wamefungwa, ajira hazitoki, ndoa hazitoki, kumbe baba ana kinyongo. Huyo kijana amtafute baba yake, apige magoti, aombe msamaha na baraka. Milango itafunguka. Tusiwafariji watu wakabaki kwenye laana.

Binti wa Msamvu

Askari wa Maombi, nakuheshimu, na najua unaandika kwa kuwatakia mema. Lakini hapa sikubaliani nawe, na nitasema wazi kwa sababu kijana mwenyewe atasoma.

Mimi nilishapelekwa. 2016, mtumishi mmoja aliniambia hayo hayo. Nikapanda basi, nikafika kwa baba, nikapiga magoti kwenye sebule ya watu nisiowajua, nikaomba msamaha. Baba akauliza, "Msamaha wa nini?" Nikakosa la kujibu. Sikuwa na kosa la kulitaja. Niliondoka pale nimebeba aibu mbili, yake na yangu.

Efeso 6 inaitaja amri hiyo na kusema ndiyo amri ya kwanza yenye ahadi, kweli. Lakini ukishuka mstari wa 4 Paulo anawageukia akina baba: msiwachokoze watoto wenu. Aya ile ina pande mbili, na mara nyingi madhabahuni tunasoma upande mmoja.

Kumheshimu baba asiyekulea kunawezekana. Usimtukane, hata kwenye utani na wenzako. Mkikutana msalimie shikamoo kwa moyo mweupe. Akiugua na wewe una uwezo, usimnyime dawa. Hiyo ni heshima. Heshima haikulazimishi kusema kwamba hakuondoka.

Na msamaha nao tusiuharakishe kama chai ya stendi. Msome Yosefu, aliyeuzwa na ndugu zake. Alipowaona ndugu zake mara ya kwanza hakujitambulisha. Akajitenga, akalia peke yake. Mara ya pili akaingia chumbani, akalia tena, akanawa uso. Ni mara ya tatu ndipo alilia mbele yao. Mungu hakumkemea kwa zile mara mbili alizojitenga kulia.

Kuhusu ajira: kijana huyu anasubiri tangazo la ajira za walimu pamoja na wenzake ambao baba zao walikaa mstari wa mbele siku ya mahafali. Wanasubiri wote. Tusimwongezee mzigo wa kuamini yeye tu ndiye aliyefungwa.

Askari wa Maombi

Nimekusoma dada. Sikujua kuhusu ile safari yako. Sijabadili msimamo wote, lakini hilo la kupiga magoti bila kosa la kutaja limenigusa. Nitaliombea.

Nyota ya Nakuru

Hamjambo kutoka Kenya. Mimi nimefuzu mwaka jana, Chuo Kikuu cha Egerton, na sasa niko na kazi ndogo ya mkataba. Jina la babangu haliko kwa cheti changu cha kuzaliwa. Wakati nilizaliwa, kama wazazi hawakuwa wameoana, baba hangeandikwa bila yeye kukubali. Mahakama Kuu ilikuja kusema 2016 kwamba huo ulikuwa ubaguzi kwa watoto, lakini mimi nilikuwa nishazoea hiyo laini tupu.

Shida yangu ni tofauti. Babangu amenitafuta. Miaka ishirini na tatu kimya, halafu wiki tatu baada ya mimi kuanza kazi ananiandikia: "Binti yangu najivunia wewe." Nililia kwa furaha, nisiwadanganye. Siku ya pili akaandika tena kwamba mdogo wangu, mtoto wake mwingine, amefukuzwa shule kwa sababu ya karo. Sijui huyo mtoto. Ako kidato cha pili. Sijamjibu. Nikituma, nahisi mjinga. Nikikataa, nahisi mbaya. Naomba hekima yenu na maombi.

Binti wa Msamvu

Mdogo wangu wa Nakuru, pole. Hujawa mjinga kulia. Neno "najivunia" ulilingoja tangu utoto, lazima litoe machozi hata kama limekuja na mkono wa kuomba.

Usijibu leo. Lala siku tatu, ombea jambo hili kila usiku, na mwambie mama yako kabla hujamwambia mtu mwingine. Usimfiche. Mama akija kujua kwa watu kwamba fedha imekwenda kule, itamuuma kwa namna ambayo hutaweza kuifuta.

Kisha tenganisha mambo mawili yaliyofungwa kwenye ujumbe mmoja. Kuna baba, na kuna mtoto wa kidato cha pili. Yule mtoto hakukuchukulia kitu. Naye huenda anaangalia geti lake. Ukiguswa kumsaidia, lipa moja kwa moja shuleni, kiasi ambacho ukikitoa hutalala njaa, na useme ni mara moja. Usipoguswa, au huna, sema huna. Huku kwetu aliyesomeshwa na Bodi ya Mikopo akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kabla hajaushika, na ninyi huko mna marejesho yenu. Mhitimu mwenye mkataba mdogo hana shamba la kuvuna.

Ila kitu kimoja nakuomba kama dada yako: usitume fedha ili aendelee kukuandikia. Ukihisi hiyo ndiyo sababu, zima simu, omba, ulale.

Mama wa Watatu

Naomba na mimi niulize, mimi ni mzazi. Mwanangu wa pili anahitimu mwezi huu SUA, chuo kikuu cha kilimo. Baba yao ana miaka kumi na moja hajakanyaga kwangu. Najiuliza nimpe taarifa au nimwache. Nikimpa asije, nitakuwa nimemuumiza mwanangu. Nisipompa, kesho nitaambiwa nilimficha mtoto. Halafu nina hofu nyingine. Nimesema maneno mengi mabaya juu ya huyo mwanaume mbele ya watoto, miaka ile ya njaa. Sijui kama yanafutika.

Binti wa Msamvu

Shikamoo mama. Hili la kwako nimelisoma mara tatu.

Muulize mwanao. Ameshakuwa mtu mzima, anakaribia kuvaa joho. Mama yangu alimwalika baba bila kuniuliza, kwa upendo tu, na ndiyo maana siku nzima nilikuwa na shada la pili machoni. Angeniuliza ningemwambia usimwalike, au ningemwambia mwalike lakini tusimsubiri. Muulize pia anataka nani asimame upande wa kushoto kwenye picha. Inawezekana kuna mwalimu, mjomba au mzee wa kanisa ambaye moyoni alishamchagua siku nyingi. Usimchagulie wewe. Baba wa kupangiwa hawafai kitu.

Kuhusu yale maneno, mwambie. Keti naye kabla ya siku ile, umwambie "mwanangu, yale niliyasema kwa njaa." Sentensi hiyo moja mimi nilipewa na mama yangu jikoni, huku anasukuma chapati, hata hakuniangalia. Imenitosha.

Timotheo alikuwa na baba Myunani ambaye Biblia haituambii hata jina lake. Imani yake Paulo anaitaja ilikotoka: kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Majina mawili ya wanawake, yameandikwa mpaka leo. Umefanya kazi, mama.

Pwani Tulivu

Asalaam aleikum na shalom. Mimi ni Muislamu, nimepita tu, jina la Hajiri likanisimamisha. Sisi tunaisimulia tofauti, kwetu Nabii Ibrahim aliwaacha pale kwa amri ya Mola na akawaombea dua. Lakini mama yetu Hajar alivyokimbia kati ya Safa na Marwa kumtafutia mwanawe maji, mahujaji wanaipita njia yake mpaka leo, mara saba. Nimelelewa na mama peke yake, Tanga. Nilipoona mabilioni ya watu wamefundishwa kufuata nyayo za mama mmoja aliyekuwa na mtoto mwenye kiu, nilimpigia mama yangu simu. Mhitimu, hongera zako, Mola akufungulie.

Binti wa Msamvu

Waaleikum salaam. Asante sana, umenipa cha kutafakari wiki nzima. Msalimie mama.

Njia ya Tunduma

Nimekuwa nasoma tu siku mbili bila kuandika. Mimi ni dereva wa malori. Mimi ndiye huyo baba mnayemsema. Binti yangu amehitimu mwaka huu, nimeona picha kwa mtu. Sikuondoka kwa kumchukia. Nilianza kukosa fedha ya kutuma, nikaona aibu kupiga simu mikono mitupu, mwezi ukawa mwaka, na kila mwaka ulioongezeka ukafanya simu iwe nzito zaidi. Sijitetei. Naomba mniambie nifanye nini, na kama hakuna cha kufanya mseme.

Binti wa Msamvu

Baba, shikamoo. Mikono inatetemeka naandika hivi.

Usimpigie leo ukiwa na uchungu wa kusoma uzi huu. Mwandikie kwa mkono, karatasi moja, mpe mtu mnayeaminiana amfikishie. Mwambie hongera. Mwambie ulikosea, utaje ulichokosea kwa jina lake, usitaje mizigo wala barabara. Usimwombe akusamehe kwenye barua hiyo ya kwanza, na usimwombe muonane. Mwachie namba, umwambie hana lazima. Halafu ungoje. Itawezekana ukangoja muda mrefu, na hiyo itakuwa zamu yako ya kuangalia getini.

Ishmaeli alikuja kumzika Abrahamu. Mwanzo 25:9, Isaka na Ishmaeli wakasimama pamoja pango la Makpela. Kati ya kile kiriba cha maji na lile kaburi hatujaambiwa walizungumza nini, au kama walizungumza. Nakuombea wewe na binti yako muwe na la kuzungumza kabla ya kaburi. Jina lake kwa Mungu linajulikana, nitamwombea kama "binti wa njia ya Tunduma".

Njia ya Tunduma

Asante mwanangu. Nipo Makambako, nimenunua karatasi.

Mwalimu wa Rungwe

Mzee, karibu kesho ukipita Mbeya, njoo tuombe pamoja kabla hujaituma. Nimekuandikia pembeni.

Binti wa Msamvu

MREJESHO.

Kijana wa kwaya ameusoma uzi wote, na majibu yenu yote. Jumapili hii alikuja na mama yake mapema, kabla ya ibada ya kwanza, tukakaa wanne kwenye mabenchi ya nyuma pamoja na mchungaji. Aliisoma ile sala mwenyewe kwa sauti. Alipofika "nilikuwa naangalia getini" akasimama. Mama yake akaendelea kuisoma kutoka pale mpaka mwisho, maana yeye hakuweza tena. Sikujua kama mama yule anasoma vizuri namna ile. Baadaye akasema na yeye siku ile alikuwa anaangalia geti lile lile, kila mmoja anamficha mwenzake.

Wamepiga picha mpya. Joho lilisharudishwa chuoni, kwa hiyo kijana amevaa shati jeupe la kwaya, cheti mkononi, mama kulia, mchungaji kushoto. Yeye ndiye aliyemwomba mchungaji asimame pale.

Wengi mmeniuliza pembeni lile shada la pili liliishia wapi. Nami nilikuwa sijui. Miaka yote nimeamini mama amelihifadhi sandukuni. Jana nikampigia kumuuliza. Akasema, "Shada gani? Aah, lile. Nilimvisha yule mtoto wa jirani alipomaliza darasa la saba. Lingekaa kufanya nini?"

Jumatano tuna maombi saa kumi na moja jioni. Wenye watu wa kuombewa andikeni hapa chini, jina la kwanza tu au hata alama, nitayasoma yote.